Difensi ya zamani au ya siku hizi? Kwa timu za huku Malindi na Lamu mimi nachagua hivi

Kama una timu ya mpira wa kikapu, iwe ya shule ama ya mtaa, na wataka kuchagua difensi ya kuwafundisha, basi kabla hujafungua klipu yoyote ya NBA, ile ligi kubwa ya Marekani, jiulize kwanza refa atakayepuliza filimbi siku ya mechi anafuata sheria gani. Hilo ndo swali la kwanza na watu wengi hapa Malindi wanaliruka. Tunakaa baada ya mazoezi tunabishana mpaka adhana ya magharibi, mmoja anasema difensi ya miaka ya tisini ndo ilikuwa difensi yenyewe, mwengine anasema wa sasa wana akili zaidi, na hakuna anayetaja kwamba kila enzi ililinda vile sheria yake ilivyoruhusu. Badilisha sheria moja tu na miguu ya wachezaji wote kumi inabadilika. Kwa hivo hapa naziweka hizo enzi moja kando ya nyingine, shida yangu si kujua nani alikuwa bora, ni kwa mwalimu ama kocha anayetaka kujua achukue nini kule na aache nini.

Za mwanzo nitapita haraka. Ligi iliyokuja kuwa NBA ilianza 1946, na kufika Januari 1947 ishapiga marufuku zoni, yaani kila mlinzi kulinda eneo lake badala ya kumfuata mtu wake, manake walinzi walikuwa wanajazana chini ya goli na mchezo haupendezi kutazama. Saa ya kuhesabu shuti haikuwepo. Novemba 1950 Fort Wayne Pistons waliwafunga Minneapolis Lakers 19 kwa 18, mechi nzima hiyo, watu wazima, sababu Pistons waliamua kuushika tu mpira ili George Mikan, senta mrefu wa Lakers, asiupate. Saa ya sekunde 24 ikaja 1954. Watu husema iliwekwa kwa ajili ya mashambulizi, sawa, lakini mimi naona hakuna zawadi kubwa difensi imewahi kupewa kama ile saa, kwa sababu kabla yake ulikuwa unalinda bila kujua walinda mpaka lini, na baada yake mlinzi anajua akivumilia zile sekunde mpira ni wake.

Warefu nao sheria iliwafuata kila walikokwenda. Leni, ule mstatili uliochorwa chini ya goli, upana wake ulikuwa futi 6, ikapanuliwa ikawa 12 mwaka 1951 sababu ya Mikan, ikawa 16 mwaka 1964 wakati wa Wilt Chamberlain, mrefu mwengine. Na katikati ya mabadiliko hayo Bill Russell akachukua ubingwa mara 11 na Boston Celtics, kutoka 1957 mpaka 1969. Kuna kitu kimoja cha Russell nataka kila kijana mrefu wa Malindi na Lamu akichukue kama kilivyo: akizuia shuti hakuwa anaupiga mpira ukaruke nje kwa watazamaji, alikuwa anaugusa ubaki uwanjani, mwenzake auokote na fasti breki, shambulizi la haraka, ianze hapo hapo. Mpira ukitoka nje warudi kwa wapinzani, ushajichosha bure. Hiyo haijabadilika tangu enzi zile na haina sheria inayoikataza popote.

Miaka ya themanini na tisini: mkono

Hapa ndo ubishi wote ulipo kwa hivo nitakaa kidogo.

Mlinzi wa zamani alikuwa na kitu wa sasa hana, mkono. Gadi, yule mchezaji anayeuleta mpira, anashuka nao, mlinzi anamwekea kiganja kiunoni, na kile kiganja ndo usukani wa jahazi, mwenye mpira ataelekea kule mlinzi anakotaka. Na usifikiri kazi yake ilikuwa kusukuma peke yake. Kiuno hugeuka kabla ya mguu, kwa hivo ukiwa na kiganja pale unahisi mtu anaenda wapi kabla macho yako hayajaona, umepata nusu hatua ya bure kila safari. Kule chini ya goli ni kigasha mgongoni mwa senta na goti nyuma ya paja lake, anasukumwa polepole mpaka anapokea mpira hatua mbili mbali na pale alipopataka. Detroit Pistons wa kocha Chuck Daly waliochukua ubingwa 1989 na 1990 walijenga timu juu ya mambo haya, wakawa na mpango maalum wa Michael Jordan, wamwelekeze upande wanaoutaka, wamvamie wawili, na akiruka kwenda golini akutane na mwili. New York Knicks wa Pat Riley wakaendelea na hiyo hiyo miaka ya tisini.

Watu wanadhani mkono ulikatazwa siku moja tu 2004. Hapana. NBA ilishaanza kuubana msimu wa 1978-79, mwaka 1994 wakaukataza kuanzia nyuma kabisa mpaka laini ya fauli (pale pa kupigia mashuti ya bure) ya upande wa pili, 1997 wakazuia kigasha kwa mtu anayetazama goli, na msimu wa 2004-05 ndo marefa wakaambiwa waite kweli kweli bila huruma. Yaani ni miaka zaidi ya 25 ya kuvutana.

Sasa sehemu ambayo klipu hazikuonyeshi. Huyo mlinzi mwenye mkono alikuwa amekatazwa kumsaidia mwenzake. Zoni ilikuwa bado marufuku, na refa alikuwa anaita difensi haramu: kila mlinzi ama yuko na mtu wake ama anaenda moja kwa moja kumvamia mwenye mpira, kusimama katikati nusu kwa mtu wako nusu kwa mpira hakuna. Mara ya kwanza onyo, ukirudia wapinzani wanapewa shuti la bure. Makocha wakajua cha kufanya, wachezaji watatu wanne wanapelekwa upande mmoja mbali na mpira, walinzi wao wanalazimika kuwafuata, nyota anabaki upande mwengine peke yake na mtu mmoja. Tafuta mechi nzima ya mwaka 1993, nzima sio klipu ya dakika mbili, utaliona hilo mpaka uchoke.

Kwa hivo ukiziweka kando kwa kando hali ni hii. Jordan alikuwa na kiganja kiunoni lakini nyuma ya huyo mlinzi mara nyingi hakuna mtu. Mchezaji wa leo hana kiganja kiunoni, lakini akimpita wa kwanza ashamkuta wa pili kasimama kwenye kona ya laini ya fauli anamngoja, na wa tatu ashateleza chini ya goli. Ukiniuliza ipi ilikuwa ngumu nitakwambia ya zamani iliuchosha mwili wa yule mwenye mpira, ya sasa inawachosha akili walinzi wote watano. Na mimi kama mtu wa kufundisha vijana hiyo tofauti ndo naitaka, sababu mwili wa mtoto wa miaka 15 siwezi kuuongeza kwa muhula mmoja, lakini macho na mdomo wake naweza.

2001 mpaka leo: miguu na mdomo

Msimu wa 2001-02 NBA ikaifuta difensi haramu, zoni ikarudi baada ya zaidi ya miaka 50. Lakini wakaweka kizuizi, sekunde tatu za mlinzi: huruhusiwi kukaa ndani ya leni zaidi ya sekunde tatu kama huna mtu unayemlinda kwa umbali wa mkono. Hii iliwagusa warefu wa kusimama pale pale, kina Dikembe Mutombo wa Kongo, mlinzi bora wa mwaka mara nne, ya mwisho ikiwa 2001 yenyewe. Mwaka huo huo muda wa kuvuka nusu uwanja ukatoka sekunde 10 ukawa 8.

Halafu 2004 ule mkono ukaondoka. Msimu wa 2003-04 timu ya NBA ilikuwa inafunga wastani wa pointi 93.4 kwa mechi, msimu uliofuata 97.2, na kufika 2018-19 ishapita 111. Magadi wakawa wafalme, Steve Nash akawa mchezaji bora wa mwaka 2005 na 2006. Lakini jamani usichukue hizo namba ukasema basi difensi imekufa, manake kuna jambo la pili lililokuwa likikua pembeni, lile shuti la mbali la pointi tatu. Laini yake NBA iliwekwa 1979 na kwa miaka mingi watu waliitumia kidogo, sasa timu nzima inasimama nje. Mlinzi wa 1988 alikuwa analinda chumba, wa leo analinda ua lote. Akikimbia kutoka chini ya goli kumfikia mpiga shuti wa kwenye kona lazima afike, apunguze mwendo kwa hatua ndogo ndogo, mkono mmoja juu, asimguse, na bado awe tayari kurudi nyuma kama yule akiweka mpira chini. Hiyo kazi peke yake mimi naiheshimu kuliko kigasha chochote cha mgongoni.

Na walinzi wamejibu vizuri. Celtics wa 2008 na msaidizi wao Tom Thibodeau walijaza watu upande wenye mpira, kitu ambacho miaka kumi nyuma kingepigiwa filimbi. Golden State Warriors wa 2015 wakamweka Draymond Green senta, mfupi kwa senta, ili kila skrini, pale mshambuliaji anaposimama kumzuia mlinzi njia, wabadilishane watu bila kuacha mwanya. Toronto Raptors kwenye fainali ya 2019 wakapanga wanne kwenye boksi na Fred VanVleet anamfuata Stephen Curry wa Warriors kila anakokwenda, difensi ambayo watu walizoea kuiona kwenye mechi za sekondari. Sheria nayo haijapendelea upande mmoja tu, 2021 NBA iliacha kuwapa fauli wapiga shuti waliokuwa wanarukia walinzi kwa makusudi kutafuta filimbi.

Sasa sheria zetu sisi

Kwetu ni sheria za FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, na hapa nataka usome polepole kama unachagua.

Sekunde tatu za mlinzi hakuna. Hakuna kabisa. Mrefu wako, mkiwa mnalinda, anaweza kusimama chini ya goli kuanzia mpira wa kurushwa mpaka king'ora cha mwisho na refa hana neno. Kila ukiona video ya NBA mrefu anaruka nje ya leni anarudi, anaruka nje anarudi, usimfundishe mtoto wako huo mchezo wa kuingia na kutoka, ni wa sheria isiyomhusu. Pili, kwa FIBA mpira wa shuti ukishagusa rimu, mlinzi anaruhusiwa kuupiga utoke hata kama bado uko juu ya rimu, NBA hiyo ni kosa. Kwa mtoto mrefu hizo ni pointi kadhaa kila mechi na wengi hawajui wana haki hiyo.

Upande wa kubanwa, mechi ni dakika 40 sio 48, na fauli ni tano sio sita. Kuanzia fauli ya tano ya timu kwenye robo moja kila fauli ya difensi ni mashuti mawili ya bure. Kiganja kiunoni kinaitwa. Nina gadi mmoja mzuri sana, mkakamavu, alikuwa ameshiba klipu za zamani, mechi moja ya msimu uliopita akapata fauli mbili kabla robo ya kwanza haijaisha na zote ni kiganja. Akaja benchi ananiambia, "Kocha, mbona Gary Payton alikuwa analinda hivi hivi?" Nikamwambia ndio mwanangu, Payton alikuwa mlinzi bora wa mwaka 1996, na refa wake alikuwa anamwachia, wako hatakuachia, kaa hapa kidogo tuangalie miguu ya yule mwenzako.

Lakini kuna silaha FIBA inampa mlinzi na hatuitumii vya kutosha: mtu akiushika mpira na wewe uko karibu naye ndani ya mita moja unamlinda kweli, ana sekunde tano tu apige pasi, ashuti ama adribo, yaani audunde. Kijana akishadribo akasimama, mlinzi asogee kifua kwa kifua bila kumgusa, mikono juu, wengine wote wanne wakate njia za pasi na wapige kelele. Sekunde tano ni nyingi sana ukiwa wewe ndo umeushika.

Kama bado unaona zoni ni difensi ya wavivu, kumbuka Olimpiki ya Athens 2004. Marekani na wachezaji wake wa NBA walifungwa na Puerto Rico 92 kwa 73, waliwekewa zoni, wakaingiza mashuti 3 tu ya pointi tatu kati ya 24. Kule hakukuwa na sekunde tatu za kumtoa mtu chini ya goli.

Zoni ama mtu kwa mtu, hapa pwani

Hapa nasema kwa uzoefu wa uwanja wetu wa simiti, ulio wazi, karibu na bahari. Kusi likishika, alasiri ile ndo limekaza, mpira wa pointi tatu hauendi pale ulipotumwa. Mpiga shuti mzuri atarusha tatu za kwanza, zitapinda, ataogopa. Kwa hivo zoni ya mbili tatu, wawili mbele na watatu nyuma, kwa uwanja wa nje ni chaguo la maana sana, unawapa shuti la mbali ambalo upepo unakusaidia kulilinda. Ndugu zetu wa Lamu wanaochezea nje nadhani wataniunga mkono. Kuna na joto pia, na benchi fupi, ukiwa na wachezaji saba waliofika mechi ya saa tisa huwezi kuwakimbiza mtu kwa mtu uwanja mzima halafu utegemee robo ya nne wawe na miguu.

Ila zoni ina ugonjwa wake, ribaundi, ule mpira unaorudi shuti likikosa. Mtu kwa mtu kila mmoja anajua mgongo wake anamwekea nani shuti likirushwa, zoni unatafuta mtu wa karibu na mara nyingi wawili wanamzuia mmoja na wa tatu anaingia peke yake. Ukichagua zoni basi nusu ya mazoezi yako iwe hiyo. Na siku mkisafiri kucheza ndani, tuseme kwenye ukumbi wa Makande pale Mombasa, hakuna upepo wa kukusaidia, ile mbili tatu uliyoizoea nyumbani itapigwa mashuti kutoka kona mpaka uite mapumziko. Kwa hivo timu ya Malindi yenye zoni peke yake imejifunga kwao.

Mimi chaguo langu ni hili. Chini ya miaka 14, mtu kwa mtu tu, hata kama mnafungwa, hata kama upepo unavuma na wenzenu wa upande wa pili wamejaza zoni wanashinda. Mtoto akianza na zoni anajifunza kulinda mahali, hajui kulinda mtu, na akifika miaka 17 ndo unaanza kumfundisha kuteleza kwa miguu, umechelewa. Sekondari, kama una mmoja mrefu na magadi wa kawaida, mbili tatu na mrefu katikati, msome Hakeem Olajuwon, Mnigeria aliyeweka rekodi ya NBA ya bloki 3,830, yaani mashuti aliyoyazuia, angalia miguu yake na sio mikono, ilivyo myepesi kwa mtu wa kimo kile. Kama huna mrefu hata mmoja lakini una wasichana ama wavulana wenye kasi, mtu kwa mtu kuanzia nusu uwanja, mbane mwenye mpira, tumia zile sekunde tano. Timu ya watu wazima wanaokutana Jumapili tu wachukue zoni, hawana muda wa mengine.

Na ile roho ya Detroit ya 1989 usiitupe, ichukue bila viganja. Kuwekeana mgongo, kusimama wima umngoje anayekuja kwa kasi, kuanguka na kuinuka, hayo yote bado ni halali leo. Ila ukimfundisha mlinzi kusimama apokee gongo, mwonyeshe lile nusu duara chini ya goli, FIBA wameliweka tangu 2010, mita 1.25 kutoka katikati ya rimu, akisimama ndani yake akagongwa na mtu aliye hewani mshambuliaji haitwi fauli. Viwanja vyetu vingi halijachorwa, chukueni chaki mlichore kabla ya mazoezi.

Kwa ule ugonjwa wa mkono dawa yake ni rahisi na haina gharama. Kila mlinzi aje na kikoi ama taulo, alishike ncha mbili nyuma ya shingo, halafu mwenye mpira ashuke kutoka laini ya mwisho mpaka nusu uwanja kwa kupindapinda na mlinzi amfuate kwa kuteleza, kifua mbele yake, bila mkono wa kumsaidia. Wiki mbili za kwanza watapitwa sana na watalalamika. Endelea nao tu, kuanzia wiki ya tatu waruhusu waachie vikoi, mikono ikae juu na wazi, uanze kuhesabu ni fauli ngapi za kiganja zimebaki.